Risoto ya uyoga nyumbani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mpishi aliyelelewa kwenye wali wetu huingia kwenye risoto na mazoea mazuri yanayomkwamisha. Kwetu wali husifiwa kwa kuchambuka: kila punje peke yake, hakuna kushikana, hakuna majimaji. Risoto inataka wanga wa mchele utoke, ukutane na supu, ugeuke rojo laini. Karibu maswali yote ninayoulizwa kuhusu chakula hiki yanarudi kwenye tofauti hiyo moja, ndiyo maana naanza na sinki.

Nioshe mchele mara ngapi?

Usiuoshe. Najua inavyouma. Mimi nilifundishwa kuosha mchele mpaka maji yatoke safi kabisa, na mara ya kwanza kupika risoto mkono ulijiendea wenyewe bombani. Nilipata wali wa uyoga, mtamu tu, lakini hakuna rojo hata kijiko kimoja. Ule unga mweupe tunaoumwaga ndio utakaoifanya supu iwe nzito. Mchele wa Kiitaliano wa paketi huja safi, hauna mawe wala pumba. Ukitaka kuhakikisha, umimine kwenye sinia uuchambue kwa macho, kisha uingie sufuriani ukiwa mkavu.

Risoto ni nini hasa? Si ubwabwa tu?

Ubwabwa ni wali uliozidishwa maji mpaka punje zikapoteza umbo. Bokoboko nalo hupondwa mpaka livutike. Risoto haipondwi. Kila punje ibaki nzima, laini nje, na ndani iwe na ukinzani kidogo unapoitafuna, huku zote zikiogelea kwenye rojo linalong'aa. Ukiipakua kwenye sahani bapa itambae yenyewe polepole. Ukigonga sahani kwa chini itikisike na kusambaa. Waitaliano husema iwe *all'onda*, yaani kama wimbi. Ikisimama kama kichuguu, imekaza kupita kiasi.

Chakula hiki kimetoka wapi?

Kaskazini mwa Italia, kwenye bonde la mto Po: Piemonte, Lombardia na Veneto. Waarabu walilima mpunga Sicily zamani, lakini mabonde ya kaskazini ndiyo yaliyoufanya uwe chakula cha watu. Kuna barua ya mwaka 1475 ambamo mtawala wa Milano, Galeazzo Maria Sforza, anaahidi magunia 12 ya mpunga kwa mtawala wa Ferrara. Baadaye ukachimbwa mfereji wa Cavour, kati ya 1863 na 1866, ukapeleka maji kwenye mashamba ya Vercelli na Novara. Palizi ilifanywa na wanawake walioitwa *mondine*, wakiinama siku nzima na maji yakiwafika magotini. Aliyewahi kupalilia mpunga Mbarali au Mwea hahitaji kuelezwa kazi hiyo. Leo Italia ndiyo inayozalisha mchele mwingi kuliko nchi nyingine yoyote ya Umoja wa Ulaya.

Ninunue mchele gani?

Utakaoukuta kwa urahisi ni Arborio, uliopewa jina la mji mdogo wa Piemonte. Punje zake ni nene na fupi, na hutoa wanga upesi. Ubaya wake ni kwamba ukichelewa dakika mbili kuuepua, unalegea.

Nikipata Carnaroli, nauchukua huo. Ulizalishwa mwaka 1945 karibu na Milano, na una kiasi kikubwa zaidi cha amilozi, ile sehemu ya wanga inayoishikilia punje isivunjike. Kwa maneno ya jikoni: Carnaroli unasamehe. Upo pia Vialone Nano wa upande wa Verona, wenye punje ndogo zinazoiva mapema kidogo.

Maduka makubwa ya Dar es Salaam, Nairobi, Mombasa na Kampala huwa na Arborio, kwa kawaida karibu na tambi. Walio Malindi na Watamu wana bahati zaidi. Waitaliano wameishi pwani ile kwa miongo mingi, na bidhaa zao zipo madukani.

Je, mchele wa Kyela, pishori au basmati haufai?

Ni michele ninayoipenda, lakini imependwa kwa sababu inachambuka na inanukia. Kuchambuka ndiko tunakokukimbia hapa, na ile harufu yake nzuri itaufunika uyoga. Ipikie pilau. Ukikosa Arborio kabisa, tafuta mchele wowote wa punje fupi na nene. Hata ule wa Kijapani wa sushi unafaa, ingawa unanata zaidi.

Njia nyingine ni shayiri iliyokobolewa. Kaskazini mashariki mwa Italia, huko Friuli, wana chakula kiitwacho *orzotto*, kinachopikwa kwa hatua hizi hizi ila kwa shayiri. Itachukua dakika 35 hadi 40, na inaoana na uyoga vizuri sana.

Uyoga gani unafaa?

Kwa ladha ninatumia wa aina mbili: mkavu kwa ajili ya harufu, mbichi kwa ajili ya nyama yake.

Mkavu ninaoukusudia ni porcini, uyoga wa msituni wenye harufu ya udongo, karanga na mchuzi wa nyama. Wasomaji Waislamu huniuliza kuhusu jina hilo, na wana haki: kwa Kiitaliano lina maana ya vitoto vya nguruwe. Ni jina tu. Ndani yake hamna kitu zaidi ya uyoga. Ni ghali, lakini gramu 25 zinatosha sufuria nzima, na paketi iliyofungwa vizuri hukaa miezi.

Mbichi, chukua ule mweupe wa mviringo wa madukani, au bora zaidi ule wa kahawia. Uyoga wa mamama, unaolimwa na akina mama wengi Tanzania kwenye mifuko ya majani makavu, ni mzuri mno ukichanwa kwa mkono na kukaangwa mpaka kingo ziwe za kahawia. Ukikosa porcini, kausha mamama wako juani mpaka ukatike kama kijiti. Harufu si ile ile, ila supu yake ina utamu wa kweli.

Naweza kutumia uyoga niliookota mwenyewe?

Kama wewe, au mtu aliye nawe, anaujua uyoga huo tangu utotoni na ameula miaka yote, sawa. Nyanda za Juu Kusini kuna wazee wanaoujua uyoga wa mvua za kwanza kama wanavyowajua wajukuu zao. Nje ya hapo, usithubutu. Kuchemsha hakuondoi sumu ya uyoga hatari, kukausha hakuondoi, na kutupa kitunguu au kijiko cha fedha sufuriani hakuthibitishi chochote. Sumu mbaya kuliko zote huweza kukaa kimya saa 6 hadi 12 au zaidi kabla tumbo halijaanza kuuma, na wakati huo ini limeshaanza kuharibika. Italia kwenyewe, ambako watu huokota uyoga kila vuli, ofisi za afya za umma zina wataalamu wa kuukagua kabla haujaliwa.

Nipe vipimo na hatua zote.

Kwa watu wanne: mchele gramu 320 (kikombe cha kupimia kimoja na nusu hivi), uyoga mbichi gramu 350, porcini mkavu gramu 25, supu ya kuku au ya mboga lita 1 na robo, kitunguu maji kidogo, punje moja ya kitunguu thomu, divai nyeupe isiyo tamu mililita 100 (asiyetumia, jibu lake liko chini), siagi gramu 60 iliyotoka kwenye friji, jibini ya Parmigiano Reggiano gramu 50 iliyokunwa papo hapo, mafuta ya zeituni, pilipili manga na chumvi.

Anza na porcini. Uloweke kwenye maji ya uvuguvugu mililita 300 kwa nusu saa. Utoe kwa mkono bila kuyakoroga maji, kwa sababu mchanga umetulia chini. Ukamue, uukatekate. Yale maji ya kahawia yachuje kwa kitambaa safi na uyamimine kwenye supu. Asiyechuja atausikia mchanga kwenye meno.

Supu iweke jikoni kwenye sufuria yake, itokote polepole muda wote.

Sasa uyoga mbichi. Ufute au uusuuze haraka na kuukausha, kisha uukate vipande vinene. Chukua kikaango kipana, mafuta kidogo, moto mkali, na uutandaze bila kuurundika. Sehemu kubwa ya uyoga ni maji. Ukirundikana utajichemsha kwa maji yake na kubaki wa kijivu na mlegevu. Ukaange kwa mafungu mawili ikibidi. Uache utulie mpaka upande mmoja uwe wa kahawia, ndipo ugeuze. Mwisho tia kitunguu thomu kilichopondwa na chumvi, dakika moja tu, uepue uweke pembeni.

Kwenye sufuria nzito, yeyusha siagi gramu 20 na mafuta kijiko kimoja. Tia kitunguu maji kilichokatwa vidogo kabisa, moto mdogo, dakika nane hivi, mpaka kiwe laini na cha kupenyeka mwanga. Hapa si pilau: kitunguu kikishika rangi ya kahawia, kitatawala ladha na kuipaka risoto yako rangi. Ongeza porcini uliokatwa, ukoroge kidogo.

Mimina mchele mkavu, pandisha moto wa kiasi, ukoroge dakika mbili mpaka tatu. Punje zitapata moto zote na kingo zitaanza kung'aa. Shika moja kwa kidole: ikikuunguza, imefika. Usiendelee mpaka mchele uwe wa kahawia, kwani mchele uliokaangwa sana hauachii wanga wake kirahisi.

Tia divai, iache ichemke mpaka ile harufu kali ikatike. Kisha supu ya moto, upawa mmoja au miwili, kiasi cha kuufunika mchele kwa shida. Koroga, iache itokote, na mwiko ukipita chini ukaacha njia inayojifunga polepole, ongeza upawa mwingine. Tangu upawa wa kwanza hesabu dakika 16 mpaka 18. Kuanzia ya 14 onja kila dakika. Katikati ya punje ibaki nukta ndogo yenye ukinzani, lakini isiwe na chaki.

Rudisha uyoga uliokaangwa. Hakikisha risoto iko majimaji kuliko unavyodhani inafaa, kisha uiepue kabisa motoni na kuhesabu nusu dakika. Tia siagi ya baridi iliyobaki, vipande vipande, na jibini yote. Koroga kwa nguvu huku ukiitikisa sufuria, kama dakika moja. Waitaliano huiita hatua hii *mantecatura*, na hapa ndipo chakula kinapozaliwa: mafuta ya siagi, jibini na wanga wa supu vinaungana kuwa kitu kimoja kinachong'aa. Ikikaza, tia supu kidogo. Onja chumvi sasa, si kabla, maana jibini imekuja na ya kwake. Saga pilipili manga juu, upakue bila kusubiri.

Lazima nikoroge bila kupumzika?

Hapana, ila usiondoke jikoni. Koroga kila baada ya sekunde 20 au 30, na zaidi kidogo kila unapoongeza supu. Kukoroga kunasuguanisha punje na kuzuia chini kusishike. Ukikoroga kama unayesonga ugali, utazivunja.

Kwa nini supu iwe ya moto? Na kidonge cha supu je?

Supu baridi inauzima mchemko kila unapoimimina, mchele unakaa ndani ya maji bila kuiva, nje inalegea na kiini kinabaki kigumu. Kidonge kinafaa, lakini kina chumvi nyingi na supu itaendelea kupungua jikoni. Tumia nusu ya kiasi kilichoandikwa kwenye karatasi yake. Supu ya mifupa ya kuku, kitunguu, karoti na selari, saa moja na nusu bila chumvi, itakupa chakula kingine kabisa.

Sitaki divai. Niweke nini?

Kazi ya divai ni uchachu unaokata uzito wa siagi na jibini. Pombe iliyo ndani yake haivukizwi yote kwa kupikwa, kwa hiyo aliyekatazwa asikubali kudanganywa kwamba "inaisha yote". Ruka hatua hiyo, tia supu moja kwa moja, na mwishoni wakati wa siagi kamulia kijiko cha chai cha limau. Wengine hutumia kijiko cha siki nyeupe kwenye maji robo kikombe, mwanzoni. Mimi naona limau la mwisho ni safi zaidi. Kwa wanaotumia, divai nyeupe kavu ya Dodoma inatosha kabisa.

Jibini hiyo ni halali? Na wasiokula nyama je?

Parmigiano Reggiano hutengenezwa kwa maziwa, chumvi na kigandishi kinachotoka tumboni mwa ndama. Grana Padano pia. Kwa hiyo asiyekula chochote kilichotoka kwa mnyama aliyechinjwa hataila, na Waislamu wapo wanaoila na wapo wanaoiepuka. Hilo muulize unayemwamini kwa elimu ya dini. Njia ya kati ni jibini ngumu iliyogandishwa kwa kigandishi cha mimea au cha maabara, na paketi huandika. Mwenye mzio wa mayai asome pia paketi ya Grana Padano, kwa sababu huwa na lisozimu, inayotokana na yai.

Ile ya unga iliyosagwa tayari kwenye kopo haiyeyuki sawasawa. Nunua kipande kidogo cha kweli, ukune mwenyewe.

Naweza kuongeza krimu? Au tui la nazi?

Krimu ni ya kuficha kosa. Ikiwa mchele ni sahihi na hukuuosha, ulaini utatoka wenyewe, na ladha ya uyoga itabaki wazi, krimu huizibia. Tui ni jambo lingine: ukilitia utapata chakula kizuri, cha kwetu, lakini nazi ndiyo itakayosikika na porcini wako wa bei utakuwa umepotea bure. Samli kwa kukaangia kitunguu, sawa. Mwishoni inahitajika siagi ya baridi, kwa sababu ina maji na maziwa ndani yake yanayosaidia rojo kuungana.

Niko Nairobi, dakika 18 zimepita na mchele bado mgumu. Nimekosea wapi?

Hujakosea. Nairobi iko juu ya mita 1,700, na huko maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100. Kila kinachochemshwa huchelewa. Ongeza dakika tatu mpaka tano na uwe na supu ya ziada, kama lita nusu. Mbeya ni vivyo hivyo. Fuata ulimi wako, saa iwe msaidizi.

Napikia mkaa. Itawezekana?

Inawezekana vizuri, na supu inakuwa na jiko lake la pili au mafiga. Subiri mkaa ushike wote na moto mkali upite, kisha punguza vipande mpaka sufuria itokote bila kuruka. Uyoga ukaange mwanzo, mkaa ukiwa na nguvu. Usipalie makaa juu ya kifuniko; risoto haifunikwi.

Imekuwa gundi. Inaokoka?

Ikiwa punje bado zina umbo, ndiyo: upawa wa supu ya moto, koroga kwa upole, irudi kuwa wimbi. Ikiwa punje zimepasuka, hairudi. Ile ipoze, uifanyie ninayoyaeleza kwenye kiporo hapa chini.

Nina wageni kumi. Nitasimama jikoni wakila?

Fanya kama migahawa. Pika mpaka dakika ya 10, mimina mchele kwenye sinia pana, utandaze upoe upesi, uweke kwenye friji siku hiyo hiyo. Wageni wakikaa, urudishe sufuriani na supu ya moto, dakika tano au sita, kisha siagi na jibini. Wachache watajua.

Inaliwa na nini?

Kwa Waitaliano ni sahani inayosimama peke yake, inakuja kabla ya nyama au samaki. Milano wana desturi ya kuila risoto ya zafarani pamoja na *ossobuco*, muundi wa ndama, lakini hiyo ni ya pekee. Ya uyoga mimi naipakua peke yake, saladi ya majani yenye limau ikifuata. Sambamba na nyama choma inalemea.

Kiporo nikifanyeje?

Kiwahi friji ndani ya saa moja au mbili. Wali uliolala kwenye joto la chumba huotesha bakteria ambaye sumu yake haiuawi kwa kupasha moto, na hilo ni kwa wali wowote. Kula siku inayofuata.

Usikipashe kwa supu, hakirudi kilivyokuwa. Milano hukifanya *riso al salto*: siagi kwenye kikaango, risoto baridi itandazwe nyembamba kama chapati, moto wa wastani, isiguswe mpaka chini iwe na ukoko wa dhahabu, igeuzwe kwa sahani. Au uviringe madonge, katikati ya kila moja kipande cha jibini, uyapitishe kwenye yai na chenga za mkate, uyakaange kwenye mafuta mengi. Kwetu nyumbani watoto huulizia madonge haya kabla risoto yenyewe haijaiva, kwa hiyo siku hizi napika mchele gramu 400.